Mstari wa Chaki kwenye Tela Letu

Fundi matairi wa mtaa wetu hapa Kariakoo amefariki Jumanne, usingizini. Kwa mtu aliyepigana na matairi mabovu maisha yake yote, kuondoka kimya namna hiyo ni ushindi. Najua mmezoea kuja kwenye gazeti hili la ukutani kumcheka mwalimu wa zamu. Leo naye apumzike. Leo nina la kukiri.

Kila Desemba sisi Wachaga tunarudi nyumbani, na baba, Mangi wa mtaa mwenye duka la vyombo, hufunga tela nyuma ya gari kana kwamba Moshi hakuna sahani. Mwaka juzi fundi alilikagua, akachora mstari wa chaki ubavuni. "Mangi, mzigo uishie hapa." Baba akacheka. "Fundi, nafasi yote hiyo ipotee bure? Tela linabeba zaidi!" "Linabeba likiwa limesimama. Hiyo nafasi ni ya mashimo ya barabarani. Na tairi la kushoto zee, badilisha." "Zee wapi? Angalia kashata za mpira, bado nene!" Fundi akagonga tarakimu za mwaka lilipotengenezwa. "Kashata ni sura tu, Mangi. Umri wake huu hapa." Baba akasema atalibadilisha hukohuko Moshi.

Mimi, kwa utani, nikafuta chaki nikachora mstari mwingine, juu kwa shubiri mbili. Nilitaka tu kuona sura ya fundi. Vijana wa dukani wakapakia mpaka hapo: masufuria, mchele, sementi ya nyumba ya babu. Mama alishaketi garini na mdogo wangu mapajani, injini inaunguruma, ndipo fundi akapita. Akatazama tela lilivyolala, akaenda kusimama mbele ya gari. "Nani kapandisha chaki?" Baba akapiga honi. Fundi hakusogea. "Nikanyage kwanza, Mangi." Nikamtazama mdogo wangu, nikasogea mbele. "Mimi, fundi." "Basi shusha mwenyewe, binti." Nikashusha sementi, mfuko kwa mfuko, mtaa mzima ukinizomea: "Mchoraji! Ongeza chaki!"

Tulipopita Chalinze tukaingia shimo, tairi la kushoto likapasuka. Tela likayumba huku na huku, mama akimwita Yesu, baba akang'ang'ania usukani mpaka tukatulia kando. Kashata zilikuwa zimetapakaa barabarani, nene kwelikweli. "Lingekuwa na ile sementi..." baba akasema.

Tuliporudi nilimwendea. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mchoraji." Akanipa kipande cha chaki. Ninacho hadi leo. Mji wetu ukiona pengo hulijaza: meza ya viatu kwenye njia ya miguu, fremu ya duka kwenye ngazi. Kabla hujajaza, uliza pengo limeachwa kwa ajili ya nini. Letu lilikuwa la mashimo, na sisi wanne tulipita humo.