Keki ya Timau na Ubishi wa Springi

Mimi huoka keki za harusi nyumbani kwetu Ruring'u. Jumamosi moja keki ilikuwa tayari, imepakwa na kupambwa, na ilitakiwa ifike Timau kabla ya saa sita. Mume wangu na kaka yake walikuwa uani tangu chai ya asubuhi, wakibishania gari la kuibeba.

Mume wangu alikuwa ameinua gari lake dogo. Alichoka kukwaruza tumbo la gari kwenye matuta, akamwambia fundi aweke springi ngumu na vipande vya raba juu yake. Kweli halikwaruzi tena, lakini kila shimo nalihisi kiunoni, na kwenye kona linainama mpaka nashika mlango.

"Yangu kila gurudumu iko na springi yake na shoki yake ya kutuliza mrusho," akasema. "Hiyo pikapu yako ni punda."

"Punda inafika," shemeji akamjibu.

Pikapu ya shemeji nyuma haina springi za kujiviringa. Ina vyuma bapa vilivyolaliana, vilivyotengenezewa mizigo. Nilikuwa nikienda nayo Mwea kununua mchele. Ikienda tupu inarusha mpaka meno yanagongana; ikirudi na magunia inatulia, nami nasinzia. Kwa hiyo nikawaambia, "Tieni yale magunia ya viazi ya stoo nyuma kwanza, halafu tupakie keki."

"Mama, ngoja kidogo, tunaongea," mume wangu akasema.

Nikarudi ndani kuweka kila ngazi ya keki kwenye boksi lake. Nilipotoka, hawakuwepo, na keki yangu ndogo ya akiba haikuwepo pia. Walikuwa wameikata katikati, kila mtu akaweka nusu yake kwenye sahani na kwenda kujaribu gari lake barabarani.

Shemeji alirudi na makombo. Nusu yake ilikuwa imeruka kutoka kwenye sahani tuta la kwanza tu. Ya mume wangu ilivumilia matuta, ikateleza kwenye kona, ikaingia chini ya kiti.

"Lakini yangu haikuvunjika sana," mume wangu akasema.

Simu ililia, mama wa bibi harusi alitaka kujua tumefika wapi. Nikamwambia bado tunapakia. Kisha nikaenda stoo, nikaanza kuburuta gunia la viazi mwenyewe. Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka wana mikono.

Tulipanga magunia, tukaweka blanketi juu, kisha maboksi. Shemeji aliendesha polepole, mume wangu akatufuata kwa gari lake. Kupita Nanyuki niligeuka nikatazama nyuma. Maboksi yalikuwa yametulia. Timau nilikuta ua moja tu la sukari limebanduka, nikalibandika.

Nilikuwa napandanisha ngazi za keki mume wangu aliposimama kando yangu.

"Si unaona," akasema, "pikapu ikiwekwa mzigo inatulia."

Nikamwomba anipitishie kisu. Siku hizi wakisimulia habari hiyo kwa wageni, wazo la viazi ni la shemeji.