Fundi Makochi na Wafuasi Wake

Fundi makochi huongea huku amebana misumari mdomoni, na siku hizi haongei tena habari za mbao wala sponji. Facebook, anasema, imejaa wakwe: wanauliza bei, kisha wanakutumia salamu za asubuhi. Instagram inataka kochi liwekewe maua. TikTok inataka kochi lenyewe licheze. Kila akitaja mtandao hupiga nyundo hewani, kana kwamba anaupigilia mahali pake, halafu anafuta kioo cha simu kwa kipande cha mahameli ya mteja. Mteja mwenyewe, mama ambaye wageni wake wanaingia Jumamosi, anamsikiliza akiwa amesimama, maana kochi lake, lililovuliwa kitambaa tangu mwezi uliopita, ndilo lililoegemezewa simu inayomrekodi fundi.

"Sogea kidogo, mama, unanizibia mwanga."

Mama akasogea.

"Kwani wewe ulinipata wapi? Facebook au Instagram?"

"Jirani yangu ndiye aliyenielekeza."

Fundi akatema misumari kiganjani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Huyo jirani," akauliza, "ana wafuasi wangapi?"