Nilimtafsiria wifi yangu uongo, na sasa mtoto anafungua mlango

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mtanzania, nafanya kazi ya kulea wazee hapa London. Kaka yangu ndiye aliyenileta, nikakaa kwake miaka minne bila kuulizwa kodi. Mwaka jana alimleta mke wake na binti yao, nimwite Nuru, ana miaka mitatu na nusu. Wifi yangu Kiingereza hajui. Nuru haongei lugha yoyote.

Nasari anakosoma ikaomba apimwe, akionekana anahitaji, apewe nafasi kwenye chekechea ya watoto wenye mahitaji maalumu. Walitaka kuleta mkalimani, kaka akakataa. Akaniita pembeni: "Mtoto wetu hapelekwi huko na mataahira. Mimi mwenyewe nilichelewa kuongea. Utatafsiri wewe, na unajua la kusema." Nikakubali. Sikushikiwa bakora.

Siku ya kupimwa, mama mpimaji akauliza kama Nuru akiitwa anageuka. Wifi akajibu, "Hageuki, mpaka nigonge sahani." Mimi nikasema kwa Kiingereza kwamba anageuka, ila ni mtundu, aitwe mara mbili. Akauliza ana maneno mangapi. Wifi machozi yakamlenga. "Hata moja. Hata mama hajaniita." Nikasema maneno anayo mengi, ila ni ya Kiswahili, ndiyo maana nasari hawamwelewi. Mpimaji akaitikia kwa kichwa, akaandika. Tulipotoka wifi alinishika mkono akasema, "Ungekuwa si wewe, ningesemaje mie?"

Barua ya majibu ikaja wiki jana, wifi akaniletea nimsomee. Inasema Nuru hakustahili nafasi, anachohitaji ni kuzoea Kiingereza tu, na mzazi asiyekubali ajibu kabla ya Ijumaa hii. Nikamwambia, "Wanasema tusubiri." Barua bado iko kwenye mkoba wangu.

Jumamosi nilikuwa kwao. Nuru alifungua mlango, akaingia kwenye lifti peke yake. Wanakaa ghorofa ya sita. Tulishuka ngazi mbio, tukamkuta ameshatoka nje, anaelekea barabarani, na basi linakuja. Wifi anaita, "Nuru! Nuru!" Mtoto hakugeuza hata shingo. Jirani ndiye aliyemdaka.

Nilipomwambia kaka tuijibu ile barua tuseme ukweli, hakupandisha hata sauti. "Ukiandika, nawarudisha Tanga wote wawili, na wewe kwangu usikanyage." Namjua. Akisema kitu, anakifanya.

Jana wifi alinipigia simu, akasema kitasa kimelegea tena, Nuru anakichezea kutwa nzima. Kisha akaniuliza taratibu, "Wifi, siku ile uliwaambia kwamba hageuki akiitwa?"

Nikamjibu, "Niliwaambia."

Akasema, "Basi watatuita tu. Ngoja tusubiri."

Leo ni Jumanne. Nitukaneni mnavyotaka, nimestahili, lakini mkimaliza nishaurini: niandike, au ninyamaze?