Wimbo wa Mama Kabla ya Safari ya Jinja

Harufu ya simsim inayokaangwa ndiyo iliyoniharibia mkutano. Nilikuwa ofisini kwangu hapa Busia. Nasema kwangu, maana jina lililoandikwa mlangoni ni langu, na diploma ya utalii iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kuikosa hata akitaka, ni yangu pia. Akina mama wa kikundi kimoja cha sokoni walikuwa wamekuja niwapangie matembezi ya Jinja: daraja, bwawa, pale ambapo Mto Naili unaliaga ziwa, na zile nyumba za kale za Wahindi ambazo mwaka wa kujengwa umechongwa juu kwenye paji la uso. Nilikuwa nawaeleza kwa ufasaha wote niliojifunza katika hoteli za Doha, nilikopokea wageni wa kila rangi. Mara jirani akaanza kukaanga simsim, moshi mtamu ukaingia dirishani, na ulimi wangu ukafa.

"Madamu, unaumwa?" mmoja wao aliniuliza.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa kijijini kwetu Mukuju, darasa la sita, uso unaniwaka moto. Wale sikuwaambia kitu. Ninyi nitawaambia.

Mimi ni Apio. Kwetu Padhola jina hilo halitolewi ovyo: ni la msichana aliyetangulia kutoka tumboni kati ya mapacha. Aliyenifuata ni ndugu yangu Odongo. Kwa kutuzaa sisi wawili mama yangu alipoteza jina lake mwenyewe. Mukuju nzima ilimwita Nalongo, mama wa mapacha, kama Waganda walivyotuzoesha. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kanisani aliimba sauti ya pili, ile ambayo ukiitoa hakuna anayejua kilichopungua. Katika mikutano ya wazazi alikaa benchi la nyuma, na likija suala la kupiga kura alitazama kwanza mikono ya wengine.

Mwaka ule shule yetu ilipanga kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Jinja. Mimi nilikuwa darasa la sita na, ukweli usemwe, nilikuwa naongoza. Odongo alikuwa la tano, kwa sababu malaria ilimlaza wakati wa mtihani akarudia. Kwa hiyo safari ilikuwa yangu, si yake. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na Nyanya, mama yake baba, na Nyanya alisikia neno moja tu katika habari yote hiyo: mto.

"Mapacha hawavuki maji makubwa mmoja mmoja," alisema, bila hata kuacha kupepeta wimbi. "Maji yakimwona mmoja, yatauliza wa pili yuko wapi."

Nililia. Nilikataa kula. Niliapa kwamba nitaacha shule, kiapo ambacho hakikumtisha mtu, kwani kila aliyenijua alijua ningeliacha kwanza jina langu. Baba alikuwa msafirishaji wa ng'ombe, mtu wa kuonekana nyumbani kama mvua ya Januari, kwa hiyo neno la Nyanya ndilo lililokuwa sheria. Siku ya tatu ya machozi yangu Nyanya akalegea kidogo. Ipo njia, alisema. Mama wa mapacha aende mbele ya wote watakaosafiri na mtoto, awaimbie wimbo wa mapacha. Wao wakiujibu, watakuwa wameshika nafasi ya yule anayebaki. Wasipojibu, mtoto abaki.

Sasa, msomaji, kama hukulelewa upande wetu huenda hujui wimbo wa mapacha ni nini. Si wimbo wa kubembeleza. Ni matusi. Watoto wawili wanapozaliwa kwa pamoja, watu wazima wenye heshima zao, wakwe kwa wakwe, husimama uani na kutukanana mambo ya chini ya kitovu, na anayetukanwa lazima arudishe tusi kubwa zaidi, kwa kicheko. Matusi hayo ndiyo baraka yenyewe. Adabu ingewadhuru watoto. Wazee walikuwa wakisema kwamba mapacha huogeshwa kwa maji na kwa midomo michafu.

Nikamtazama mama, nikijua hataweza. Yeye alikuwa anageuza simsim kwenye chungu, harufu imejaa jikoni. "Mkutano ni lini?" aliuliza.

Mkutano ulikuwa Ijumaa, katika darasa letu. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu, nasi wanafunzi tukasimama kuzunguka kuta. Mwalimu mkuu alikuwapo na tai yake, katekista alikuwapo, na mambo yalikwenda vizuri sana. Walikubaliana kukodi lori la mahindi na kulitia mabenchi. Walibishana kama chakula kiwe chapati au mihogo ya kuchemsha, wakaamua mihogo kwa sababu haitapishi. Mwalimu wetu alikuwa anaeleza kwamba kila mtoto abebe mfuko wa plastiki kwa ajili ya tumbo lake, mama aliposimama.

Alivaa gomesi yake ya manjano, ile ya Krismasi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Nalongo, kwamba mtoto wake mmoja anakwenda na mmoja anabaki, na kwamba ana neno la nyumbani. Kisha akafunga mshipi vizuri, akaimba. Laiti angeimba Kidhopadhola, lugha yetu, nusu ya darasa lisingeelewa! Lakini wasafiri wote walitakiwa kusikia, Mteso asikie na Msamia asikie, kwa hiyo aliimba Kiswahili cha sokoni:

"Mimi nimezaa wawili, chungu moja, moto moja! Wewe mwalimu mkuu, suruali yako imepigwa pasi mbele na nyuma, lakini ndani kitu gani imelala?"

Akamgeukia katekista. Tumbo lake lilikuwa ngoma, aliimba, ila fimbo ya kuipigia ilikuwa wapi? Ubeti wa tatu siuandiki. Hata leo, na umri huu, na nchi nilizotembea, siuandiki.

Akanyamaza akingoja jibu. Katekista alitazama dari. Mwalimu mkuu alipanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Wazazi waliokuwa wakitukana vizuri kabisa katika sherehe za mapacha majumbani mwao walikumbuka ghafla kwamba wako shuleni, mahali pa kalamu na Kiingereza, wakainamisha vichwa. Kisha kicheko kikaanza kwenye ukuta wetu, cha wanafunzi, si kile cha kujibu bali kile kingine. Nekesa, aliyekuwa wa pili darasani na hakunisamehe kwa hilo, alininong'oneza, "Apio, mwambie mama yako arudie, kuna mahali sijanakili."

"Nalongo, tafadhali," mwalimu wetu alisema. "Hapa tunapanga safari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani niwe mtoto wa mtu mwingine yeyote mle ndani, hata wa katekista na ngoma yake. Mama alisubiri kidogo tena. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada: akajijibu mwenyewe. Akageuka upande, kana kwamba yeye sasa ndiye mwalimu mkuu, akainyooshea kidole nafasi yake tupu dawatini.

"Na wewe Nalongo, matiti yako imeanguka kama soksi ya askari! Nani alikudanganya wewe ni mwanamke?"

Akacheka peke yake, kama inavyotakiwa. Akaketi. Mkutano ukarudi kwenye mihogo.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea mbele sana, ili mtu akituona asijue tuko pamoja. Nyanya alikuwa ametoka nje kutungoja.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, mama," mama alisema. "Hata mwalimu mkuu mwenyewe."

"Alisema nini?"

Mama alisita. Nikamwona anaokota maneno hewani. "Alisema matako yangu yamekauka kama mihogo ya mwaka jana."

Nyanya alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. "Huyo amelelewa! Kumbe shule inafundisha kitu." Akapangusa machozi, akasema nitakwenda.

Ndivyo nilivyoiona Jinja. Siwadanganyi, ilikuwa nzuri kuliko picha. Maji yalitoka ziwani bila haraka, kama mtu mnene anayetoka kanisani, kisha yakaanza kukimbia. Tulisoma miaka kwenye mapaji ya nyumba na kubishana ipi ni kongwe. Darajani, wenzangu walinisukuma ukingoni wakisema, "Maji yanauliza, Odongo yuko wapi?" Nilicheka nao. Nilijitafuta ndani kama kuna woga, sikuukuta.

Jua lilikuwa linazama lori lilipotushusha Mukuju. Mama alikuwa kando ya barabara, na kiganja chake kilikuwa kimekaza kifundo cha mkono wa Odongo, kama mtu aliyeshika mbuzi wa mnada. Wanafunzi wote wakaona. Nikajisemea: ameanza tena.

"Tangu ulipoondoka hajaniachia," Odongo alininung'unikia, akisugua alama nyekundu. "Shule hajanipeleka. Hata chooni alisimama mlangoni ameshika kidole changu. Na hakuna aliyepika."

Nilikasirika kwa sababu ya njaa, na zaidi kwa sababu Nekesa alikuwa bado hajashuka kwenye lori. Hicho tu ndicho nilichoelewa. Kwa miaka mingi nilidhani mama hakuyaamini mambo ya Nyanya. Kama angeyaamini, angewezaje kudanganya kwamba wimbo ulijibiwa? Nilifikiri alikuwa ameigiza tu, na kwamba aliniaibisha kwa mchezo.

Nilimuuliza siku niliyokuwa nafunga mizigo ya kwenda Doha. Nyanya alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa anakunja nguo zangu upya, kwa kuwa hakupenda nilivyozikunja.

"Niliamini," alisema. "Hawakujibu hata mmoja, na niliamini. Nikasema, nikimshika huyu, yule hawezi kupotea."

"Sasa kwa nini uliniruhusu?"

Alilainisha kola ya blauzi kwa kidole. "Ulikuwa unataka kuona."

Aliendelea kukunja. Mimi nilikaa kitandani, uso ukiniwaka kama siku ile, ila sababu haikuwa ile. Nilikuwa nimemwonea aibu mwanamke niliyemdhani hana haya wala woga. Kumbe mle darasani hakukuwa na mtu mwenye haya kumzidi, wala mwenye woga kumzidi, na bado aliimba, akaniacha niende Jinja.