Marehemu Kwenye Seva

Wageni kutoka kisiwa cha Nosy Be walikuwa wamejaa uani, mtaani Mahabibo, wakisubiri kusikia sauti ya marehemu Elamine akisoma kaswida, na kompyuta ya sebuleni ilikuwa inamgomea binti yake Ansoifa. Folda ya kaswida aliiona. Kila alipojaribu kuifungua aliambiwa hana ruhusa.

Kaswida hizo baba yake alizirekodi kwenye kanda miaka ya themanini, na uzeeni akazihamishia kwenye seva iliyokaa kabatini. Ansoifa alichomoa kebo, akairudisha. Akazima ruta, akaiwasha. Shangazi yake, Charifa, alipochungulia mlangoni mara nyingine, alimjibu kwa ukali ambao hakuukusudia.

Ndipo akakumbuka. Siku za matanga aliingia kwenye seva akaliona jina la baba yake la kuingilia limekaa tupu, kama la mtu aliye hai. Kwao aliyefariki hatajwi hivyo. Akaongeza "marehemu" mbele ya jina, roho ikatulia. Tangu siku hiyo seva ilimjua marehemu Elamine peke yake, na kompyuta ya sebuleni iliendelea kubisha hodi kwa jina la Elamine aliye hai.

Aliomba radhi kimoyomoyo, akalifuta lile neno. Folda ikafunguka. Akabonyeza kanda ya kwanza, na spika za uani zikakohoa.

"Ansoifa," baba yake alifoka kwa Kikomoro, "nani kakuambia ufungue mlango? Narekodi."

"Nisamehe, baba," Ansoifa alijibu, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa kuufunga mlango.