Brashi ya Pili ya Baba

Baba yangu hakuwahi kwenda msikitini siku ya Ijumaa akiwa na ndevu za wiki. Alikuwa dereva wa lori la korosho, akizunguka Kitangari na vijiji vya huko ndani kwenye vumbi jekundu, na wenzake walimjua kwa uso wake laini hata msimu ukipamba moto. Alijinyoa mwenyewe uani. Alikuwa na sabuni ya kunyolea kwenye kikombe cha bati na brashi ambayo sijui aliinunua lini, akisugua mashavu mpaka yanakuwa meupe kama ya mtu aliyeangukia unga wa muhogo. Tukiwa wadogo tulikatazwa kumsemesha wakati huo.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia akili yake yote na ulimi wake, lakini mkono wa kulia ukawa mzito, vidole vinafunga nusu tu. Mama alikuwa ameshatangulia. Mimi ni mtoto wa kwanza na binti pekee, ndoa yangu ya Masasi ilikuwa imekwisha, na kazi yangu ni ushonaji, cherehani haichagui baraza. Nikafunga mizigo, nikapanda Newala kumuuguza.

Kumwogesha nilisaidiwa na binamu yangu wa kiume. Kunyoa nilikuchukua mimi. Nilijifunza kwenye uso wake mwenyewe, na mwanzoni nilimkata chini ya kidevu akanyamaza tu. Baadaye mkono ukazoea. Kila Ijumaa asubuhi nilichemsha maji kidogo, maana kwetu juu maji ni ya kununua au ya kuamkia foleni, nikamkalisha kwenye kiti cha kamba, nikampaka povu, nikamnyoa, nikamfuta, nikarudi kwenye sufuria. Brashi yenyewe ilikuwa imechoka. Nywele zilibaki chache, zimesimama huku na huku, na kila mara moja au mbili zilimbakia shavuni nikawa nazitoa kwa kucha. Lakini wazee wakitoka msikitini waliniambia, "Nang'olo wetu anang'aa, mwanangu, Mungu akulipe," na mimi nikawa naenda na maneno hayo wiki nzima. Nang'olo ndivyo Wamakonde tunavyomwita mzee. Sikuwa na kitu kingine ambacho watu walinisifia.

Mdogo wangu, kitindamimba, anafanya kazi bandarini Dar es Salaam. Alikuja likizo mwezi wa sita, baridi la Newala likiwa limeanza na upepo unavuma hasa. Alikuja na mashuka mazito, redio, na mfuko mdogo wa ngozi wenye vifaa vyake vya kunyolea. Ijumaa ilipofika nilikuwa nimeshaweka maji jikoni. Akanifuata akaniambia kwa heshima kabisa, "Dada, leo wewe pumzika. Niachie mimi."

Ningekataaje? Ni baba yake pia. Nikampa maji, nikaingia jikoni, nikaanza kutwanga mahindi ambayo wala sikuwa na haja nayo siku hiyo. Nilitwanga kwa nguvu ili nisisikie wanachozungumza, na bado niliwasikia wakicheka. Baba alikuwa hajacheka nikimnyoa mimi, hata siku moja.

Nilipotoka walikuwa wanamalizia. Baba alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea nyuma, na mdogo wangu anampitishia wembe taratibu kama mwenye siku nzima. Kwenye stuli palikuwa na brashi. Ilikuwa nene, nywele zake nyeusi katikati na nyeupe nchani, zimejaa, hazina hata mmoja uliopinda. Povu lililobaki juu yake lilikuwa zito kama maziwa mgando. Baba akafumbua macho, akajipapasa mashavu kwa mkono wake mzima, akasema, "Leo ndiyo nimenyolewa."

Alilisema bila ubaya wowote. Nadhani hata hakujua kama nimesimama pale. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo ndiyo. Na zile Ijumaa nyingine zote?

Msikitini siku hiyo sifa zilimwendea mdogo wangu. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na mimi tena nikajitafutia kazi jikoni ili nisitazame. Likizo ilipoisha aliondoka na mfuko wake wa ngozi, na brashi ndani yake. Akamwambia baba, "Nikija tena nitakunyoa."

Tangu hapo kila Ijumaa nilipomkalisha baba kwenye kiti cha kamba, aliuliza mdogo wangu anakuja lini. Hakuuliza siku nyingine. Aliuliza nikiwa na brashi mkononi. Mimi namjibu msimu wa korosho, inshallah, huku natoa nywele za brashi kwenye shavu lake, na moyoni nasema: mtu anakuja mara moja moja na brashi ya kitajiri, anaondoka na moyo wa mzee mfukoni. Usiku wa kumgeuza ubavu haumkuti. Siku za kugombana naye juu ya dawa hazimkuti. Nilimwonea wivu mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni, na wivu wenyewe ukawa na sura ya kitu kimoja tu, ile brashi.

Basi nikaamua kumnunulia baba brashi ya pili, tena iliyo bora kuliko ile. Newala nilizunguka sikupata ila zile za plastiki zenye nywele kama za ufagio. Nikamwomba binamu akae na baba, nikapanda basi la asubuhi, tukashuka mlima kuelekea Masasi.

Masasi naijua, nimeishi huko ndoa nzima. Lakini duka la vifaa vya vinyozi nilikuwa sijawahi kuingia. Lilikuwa jirani na soko, limejaa mashine za umeme, vitambaa vya kujifunika, na mabango ya vijana wenye mitindo ya nywele. Ndani kulikuwa na wanaume tu wakisubiri mashine zao zitengenezwe, mmoja kinyozi wa Lukuledi aliyekuwa akilalamikia umeme. Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyejifunga kilemba, akaniuliza, "Ni ya mume wako, dada?"

Nikamwambia ni ya baba yangu, na kwamba nataka iliyo nzuri kuliko zote. Akanitazama kidogo, kisha akapanga maboksi juu ya meza ya kioo.

Ya kwanza nywele zake zilikuwa za rangi ya majani makavu, ngumu. Kabla sijaigusa akaniambia wazi kwamba hizo ni za nguruwe, wapo wateja wanaozipenda kwa kuwa zinainua ndevu vizuri, lakini akiona mtu amevaa mtandio kama wangu humwambia mapema. Nikarudisha mkono. Ya pili ilikuwa ndugu yake kabisa na ya mdogo wangu, nyeusi katikati, nyeupe nchani. Akasema hizo ni nywele za mnyama wa porini wa nchi za nje, mfano wa nyegere. Niliishika muda mrefu. Ilikuwa ndiyo yenyewe niliyoiota. Lakini nikafikiri nikimpelekea baba ile, atasema nini? Atasema, hii ni kama ya mdogo wako. Jina la mdogo wangu litakuwa la kwanza kutoka, hata kwenye brashi niliyoihangaikia mimi. Nikairudisha kwenye boksi.

Ya tatu haikuwa na nywele za mnyama, ni nyuzi za kiwandani, laini sana. Nikaipitisha kwenye kiganja, kisha shingoni. Nikamwuliza yule mama kama naweza kuijaribu kwa maji. Akaniletea maji kwenye bakuli na kipande cha sabuni. Nikaizungusha, povu likapanda haraka, nikajipaka shavuni pale pale mbele ya wanaume wote. Kinyozi wa Lukuledi akanyamaza habari za umeme. Mmoja akasema kwa upole kwamba sasa bado wembe, wakacheka, na mimi nikacheka nao, povu likinidondokea kwenye mtandio. Ilikuwa laini kweli. Niliona hata mdogo wangu hajawahi kuguswa na kitu laini hivyo.

Brashi zile za nyuzi zilikuja na mipini ya namna mbili. Mmoja wa mti, mnene kama yai la bata, hauna urembo. Mwingine mwembamba, mweusi, unang'aa, na pete ya rangi ya fedha shingoni. Nikachagua mwembamba. Ulionekana wa gharama kuliko wa mdogo wangu, na mimi nilitaka uonekane.

Ijumaa ile niliamka na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Nilimwonyesha baba brashi kwanza, nikaizungusha juani pete imulike. Akasema ni nzuri. Nikampaka povu, likamjaa mpaka chini ya macho. Nikamnyoa, nikamfuta, nikangoja.

Akajipapasa. "Brashi nzuri, mama," akasema. "Ahsante." Kisha akatazama mlangoni, akauliza, "Mdogo wako kasema anakuja mwezi gani?"

Niliweka kikombe chini kwa kishindo. Sijawahi kumpazia baba sauti na siku ile pia sikupaza, ila nilimuuliza, "Baba, yeye anakunyoaje ambavyo mimi sikunyoi?"

Aliondoa macho mlangoni. Kisha akainua ule mkono mzito kidogo juu ya paja.

"Yeye alinipa brashi nishike mwenyewe, kwa huu wa kushoto," akasema. "Nilijipaka. Nilijipaka vibaya, tukacheka sana. Wewe unanipaka kama unamenya muhogo, mwanangu. Unanifanyia vizuri, lakini mimi nimekaa tu."

Kumbe zile Ijumaa mbili, mimi nikitwanga jikoni kwa hasira, baba alikuwa ameshika brashi. Nilichota maji mengine, ingawa yalikuwa ya kupikia, nikaiosha brashi, nikatengeneza povu upya. Uso wake ulikuwa umeshanyolewa, hapakuwa na kitu cha kunyoa. Nikampa brashi kwenye mkono wa kushoto, akaikataa. Akanyoosha ule wa kulia. Nikamwekea. Vidole vikafunga nusu kama kawaida yao, na ule mpini mwembamba wenye pete ukamteleza, brashi ikaanguka mchangani.

Nikakumbuka ule mpini mnene kama yai la bata, nikajilaumu kwa macho yangu ya kupenda vinavyong'aa. Lakini sikuwa tayari kurudi Masasi, na kusema kweli sikuwa tayari kushindwa. Nikaenda barazani kwenye cherehani, nikachukua vipande vya khanga na utepe, nikauzungushia ule mpini, nikaushona kwa mkono, nikaongeza tabaka, nikaushona tena mpaka pete yote ya fedha ikapotea ndani. Ukawa kitu kibaya kukitazama, kama kidole kilichofungwa bandeji. Nikampa. Vidole vikafunga, vikaukuta mpini, vikashika.

Ijumaa iliyofuata alijipaka mwenyewe. Povu liliingia sikioni, likaingia puani akapiga chafya, upande mmoja wa shavu haukupata kitu. Mkono wangu uliwasha kutaka kumnyang'anya nimalizie, maana ugali ulikuwa jikoni. Nikaukalia. Ilichukua muda mrefu kweli. Akanisimulia habari ya gurudumu lililomtoka njiani karibu na Nanganga, na tandiboi, msaidizi wake wa lori, akalikimbilia mpaka mtoni, habari ambayo nilikuwa sijaisikia maisha yangu yote. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipomaliza nikachukua wembe.

Sitasema wivu uliisha. Baba alipoanza kumpigia mdogo wangu simu na kumweleza anavyojipaka, nilisogea karibu nisikie kama ataitaja brashi yangu. Aliitaja. Nikasogea zaidi nisikie mdogo wangu atajibu nini.

Mdogo wangu alikuja msimu wa korosho, wakati mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka na uani kunanuka utamu mkali. Ijumaa alitoa mfuko wake wa ngozi kama kawaida. Safari hii sikwenda jikoni, nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Mdogo wangu akalowesha brashi yake, akamwekea baba kwenye mkono wa kushoto kama alivyomzoeza. Baba akairudisha. Akaomba ile yenye vitambaa, akaishika kwa mkono wa kulia, akaanza kujipaka, polepole, vibaya kidogo, mpaka kidevuni.

Mdogo wangu alitazama mkono ule. Macho yake yalilowa, na mimi niliyaona, nikamhurumia. Nikamwona pia akiitazama brashi yake imelala kwenye stuli haina kazi, na sura aliyokuwa nayo naijua vizuri, nilikuwa nayo mwenyewe mwezi wa sita. Nilifurahi. Nilifurahi vyote viwili, mkono wa baba na ile sura.

Baba alipokwenda msikitini akiwa ameshikwa na binamu, mdogo wangu aliiokota ile brashi yenye vitambaa, akaigeuza, akabonyeza nyuzi kwenye shavu lake.

"Laini hii, dada," akasema. "Uliinunua wapi? Na mimi nichukue moja kabla sijarudi."

Nikamwambia ni Masasi. Duka sikumtajia.