Mlango wa Farasi

Mwaka nilioolewa, Mdachi wa boma aliagiza nyua ambazo hazikuzunguka kitu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na uwanda wa kuelekea ziwani ulibaki vishina vikavu na yangeyange weupe wakitembea kama watu waliopoteza sindano. Alitaka nyua za mianzi zinazofika kifuani mwa mtu mzima, zisimame moja baada ya nyingine kuanzia njia ya Makwale hadi karibu na kijito. Hazikuwa za ng'ombe, wala za bustani, wala za nyumba. Kila ua ulianza kwenye majani na kuishia kwenye majani. Mbuzi angeweza kuuzunguka huku anatafuna.

Kazi ilipewa baba mkwe wangu, kwa kuwa upande wetu hakukuwa na mtu aliyefunga mianzi kama yeye. Nyumba alizofunga zilisimama maji yalipokuja, na zilikuwa bado zimesimama maji yalipoondoka. Hayo nayajua kwa kusikia. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana. Akitokea njiani unaingia migombani, unajifunika shuka, unageuka mpaka apite. Jina lake hulitamki, na neno linalofanana nalo unaliacha. Jina la baba mkwe lilikaribiana na neno letu la mvua, kwa hiyo tangu niolewe mvua ilikuwa hainyeshi kwangu, kulikuwa tu na "yale yanayoanguka."

Misheni, ambako nilijifunza kusoma, walituambia desturi hiyo si ya lazima. Mama mkwe alisema misheni hawana baba mkwe.

Nilimjua kwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kipana, cha mtu mkubwa sana.

Mume wangu alikuwa saisi wa boma, yaani yeye ndiye aliyemlisha farasi, akamwosha na kumtandika. Farasi alikuwa mmoja, jike mwenye rangi ya chungu cha Wakisi kinapotoka motoni. Farasi kwetu hawakudumu. Waliletwa, wakatazamwa, masika yakaja, wakafa. Huyu alikuwa ameyavuka masika, na watu walianza kumheshimu kama mgeni aliyeamua kukaa. Mume wangu alimtunza kama baba yake alivyotunza ng'ombe: majani makavu ya migomba ya kulalia, na mazungumzo.

Mafundi walipomaliza ua wa kwanza walirudi nyuma wakautazama. Mume wangu alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia. Ua ulikuwa na kasoro, na baba mkwe ndiye aliyeitaja.

"Hauna mlango."

"Labda Bwana kasahau," alisema mmoja.

"Hajafuga huyu. Asiyefuga hukumbuka ua tu."

Basi wakamsaidia. Kila ua waliutia mlango wa mianzi unaoning'inia kwa kamba za migomba, upana wa ng'ombe mwenye mimba. Hawakuambiwa, na hawakudai kitu. Waliona tu aibu kuacha kazi namna ile.

Siku ya kujaribu, Bwana wa boma alikuja amempanda yule jike. Alitoka mbali, mbio, vumbi likimfuata, akaukabili ua wa kwanza. Farasi akauona mlango uko wazi. Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo, akapita kama mtu anayejua nyumba za watu. Mafundi wakapiga makofi. "Ndaga!" walimshukuru. Ua wa pili akafanya vilevile. Hapo Bwana akasimama, akatazama nyuma, akamwita mkalimani wake, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi na asiyependa matope yetu.

"Bwana anauliza nani kasema pawekwe milango."

"Hakuna," baba mkwe alijibu. "Tumeona wenyewe."

"Ifungwe. Farasi anatakiwa aruke."

"Aruke ua?"

"Aruke ua."

"Amekosa nini?"

Mkalimani akatafsiri. Bwana alicheka, akampapasa farasi shingoni kwa mapenzi, na mume wangu alisema mapenzi yale yalikuwa ya kweli.

"Hajakosa kitu," mkalimani alisema. "Farasi anapenda kuruka."

"Kamwambia?"

"Hilo sitafsiri, mzee."

"Tafsiri, tata," alidakia fundi mwingine. "Tunataka kujua kama anasema Kidachi."

Watu wakacheka. Mkalimani akakasirika. "Nyinyi! Akifa mzee wenu mnachoma mikuki ng'ombe zizi zima, halafu leo mnamhurumia farasi wa mtu?"

"Tunawachoma," alisema baba mkwe. "Lakini hatusemi kwamba wanapenda."

Jibu hilo lilizunguka vijijini kwa siku nyingi. Watu walilirudia kwenye vilabu vya pombe na kwenye mto wa kuogea, kila mmoja akikohoa kwanza. Mimi halikunitosha. Sidhani kama ng'ombe mwenye mkuki ubavuni anafarijika kwa kuwa hatukumdanganya. Lakini mkamwana hapeleki maoni yake kwa baba mkwe, na mume wangu hakukubali kuyabeba.

Milango ikafungwa kwa kamba.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya farasi wawili. Wa pili aliletwa na Mwingereza kutoka ng'ambo ya mto Songwe, akavukia Kasumulu akiwa na farasi mweusi na mtu wa kumbebea kiti. Asubuhi ya siku hiyo jike wetu aliamka anachechemea mguu wa mbele. Mume wangu akamwambia Bwana. Bwana akauminya mguu, akauinua, akaushusha, akasema damu ikipata moto ataacha.

"Ni kweli?" nilimwuliza mume wangu aliporudi kuchukua maji.

"Sijui. Mimi si mguu wake."

"Na akivunjika?"

"Wanampiga risasi."

"Kwa kosa gani?"

"La kuvunjika."

Nilikuwa nimempikia ndizi. Alizigeuza kwenye sahani, akaziacha, akaenda.

Watu wote waliamriwa kuja kutazama. Kwangu hiyo ilikuwa taabu, kwa sababu baba mkwe naye ni watu. Nikachagua mahali pa mbali kabisa, ndani ya matete ya kijitoni, nyuma ya ua wa mwisho, nikiamini mzee atakaa penye kivuli karibu na wakubwa. Sikujua kwamba Bwana ameagiza kila fundi asimame kwenye ua alioufunga mwenyewe, ili ukiangushwa ausimamishe.

Nilikuwa nimeketi vizuri nikasikia kikohozi.

Kilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kukipa maji. Nikavuta shuka juu ya kichwa, nikageukia kijito, nikaacha kupumua. Matete yakalia. Mzee alielewa. Mwanamke kijana anayejificha kwenye matete wakati dunia nzima inatazama farasi hawezi kuwa wa watu wengine.

"Upepo upo leo kwenye matete," alisema, akiambia hewa.

"Upepo gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya jirani yake aliyemfuata. "Mbona jani halitikisiki?"

"Upo. Njoo tusimame huku, tuupe mgongo."

"Mgongo upepo?"

"Gwe, sogea!"

Wakasogea mpaka mwisho wa ua, wakanipa migongo. Nami nikapata nafasi ya kutazama kupitia matete, upande wa uwanja tu.

Siwezi kusema haikuwa nzuri. Farasi wawili walitoka njia ya Makwale, mmoja mweusi, mmoja mwekundu, na nyuma yao ile milima ya bluu imesimama kwenye maji ya ziwa. Waliruka ua wa kwanza pamoja. Masikio ya jike yalikuwa mbele, na kwa kitambo alichokuwa hewani sikuona mnyama anayelalamika. Watu walipiga vigelegele. Nami nilitaka kupiga. Niliweka mkono mdomoni, na mpaka leo sijui nilikuwa naficha sauti kwa ajili ya mzee au kwa ajili yangu.

Waliruka tena, na tena. Kwenye ua unaotangulia wa mwisho, farasi mweusi alichelewa kuinua miguu. Mianzi ililia, akaanguka, akataka kuinuka, na mguu mmoja haukumfuata. Mwingereza aliinuka, akafuta goti, akamtazama kwa muda. Kisha akatoa bastola. Vigelegele vilikuwa bado havijaisha upande wa mbali, kwa hiyo mlio ulichanganyika navyo.

"Ameua farasi wake," alisema jirani.

"Nimeona."

"Mbele za wageni."

Yule jike alikuwa anakuja peke yake. Hakukuwa tena na wa kushindana naye, na bado Bwana alikuwa anampiga kwa fimbo. Sasa kichwa kilipanda na kushuka kwa namna mbaya, kila hatua kikianguka upande mmoja. Mume wangu alikuwa anakimbia kandokando ya uwanja, mikono juu, anapiga kelele ambazo hakuna aliyezitafsiri. Na mbele yao ulikuwa ua uliofungwa na fundi ambaye kamba zake hazilegei.

Fundo lilikuwa upande wangu. Lilikuwa na mkia mmoja mrefu. Ukivutwa, mlango wote unaachia. Kulifikia ilinibidi kutoka kwenye matete, mchana, mbele ya umati wa pande zote mbili za kijito, mbele ya baba mkwe.

Nilitoka. Nilivuta. Mlango ulifunguka ukaangukia kando, na farasi, ambaye nadhani alikuwa ameukumbuka, alipita mahali pake kwa upepo ulionivua shuka kichwani.

Mzee alikuwa amegeuka. Tulitazamana. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye masikio makubwa kidogo. Sijui kikohozi kile alikiweka wapi. Nilirudi kwenye matete kwa magoti.

Kesi zilianza hapohapo, na zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Wazungu: farasi aliyepita mlangoni ameshinda au hajashinda? Mwingereza alisema hajashinda. Bwana alisema aliyekufa hawezi kumshinda aliye hai. Walibishana kwa adabu, kofia mkononi, na maiti ya farasi iko nyuma yao.

Ya pili ilikuwa ya kumtafuta aliyefungua. Bwana aliahidi kiboko, na mkalimani aliwapitia watu mmojammoja. Waliniona wote. Lakini kusema "nimemwona" kulikuwa kusema kwamba mkamwana wa mzee yule amesimama uso kwa uso na baba mkwe wake, mchana, bila shuka. Jambo kama hilo likishasemwa lipo. Basi hapakuwa na aliyeona. Mmoja alikuwa anatazama ziwa. Mwingine alipatwa na mdudu jichoni. Jirani alisema kulikuwa na upepo mwingi kwenye matete.

"Wewe ndiye fundi wa ua huu," mkalimani alimwambia baba mkwe. "Umeona nani?"

Mzee alikohoa.

"Fundo langu limelegea."

Pale palikuwa na watu waliokuwa wakilala chini ya mafundo yake. Wakaangaliana. Hata mkalimani hakutafsiri mara moja.

"Mzee, una hakika?"

"Nilifunga vibaya. Mwambie."

Akaambiwa. Bwana hakumpiga, alikuwa mzee mno. Alisema tu kwamba mtu wa namna hiyo hatafunga paa la ghala jipya la bandarini, kazi ambayo mafundi wote waliingoja tangu mavuno na ambayo wote walijua ni ya nani. Kazi ikapewa mtu mwingine.

Farasi mweusi alizikwa na mafundi. Walichimba shimo mpaka jioni, wakabishana kichwa kielekezwe wapi, wakakielekeza Songwe, kwao. Wanawake walisimama pembeni bila kujua kama ni mahali pa kulia. Mmoja alijaribu, akaona haya, akaacha.

Nyumbani, mume wangu alikuwa anamwagia jike maji ya baridi mguuni.

"Yule mweusi," alisema bila kuniangalia. "Angekuja yeye upande wako, ungefungua?"

"Sikumjua."

"Na huyu tunamjua kwa sababu namlisha."

"Ndiyo."

Akamsogezea jike ndoo. Farasi alikunywa, akatutazama kwa zamu.

Kesho yake asubuhi alikuja mama mkwe. Aliketi, akapokea ndizi, akaulizia afya ya watu ambao alikuwa amewaona jana. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Kuhusu ghala alisema tu kwamba mzee amekaa nyumbani, anasuka vikapu, na vikapu ni vingi mno.

"Ametuma nikuulize," alisema hatimaye. "Yule mnyama bado anachechemea?"

"Bado, mama. Vibaya kuliko jana. Mguu umevimba mpaka gotini."

Alitoka nje mwenyewe akauangalia, akainama, akaugusa kwa kidole kimoja.

"Vizuri. Basi fundo halikulegea bure," alisema, akachukua kapu lake, akaenda kumwambia.